Kati ya Wangapi? Namna Ninavyosoma Utafiti wa Tiba kwa Penseli

Mwaka 2023, wiki chache baada ya matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE kuchapishwa, nilisimama mbele ya wenzangu kazini na karatasi mbili mkononi. Mimi ni tabibu, na tuna mazoea ya kukutana mara moja kwa wiki: mmoja anasimulia makala ya utafiti, wengine wanamhoji. Zamu ilikuwa yangu. Nikafungua kwa mbwembwe: "Mbinu hii inapunguza kwa asilimia 60 vifo vya wanawake wanaotokwa damu baada ya kujifungua."

Nyuma kabisa alikaa mkunga mmoja, mama mtu mzima aliyebakiza miezi michache kustaafu. Hakunyoosha mkono, wala hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake. "Vifo vingapi, mwanangu? Kati ya wangapi?"

Nikafunua karatasi ya kwanza. Nikafunua ya pili. Nilikuwa nimechapisha muhtasari na habari iliyoandikwa juu yake. Majedwali yenyewe sikuwa nayo. Nikababaika, nikasema nitaangalia. "Haya," akasema, akaendelea kuandika. Angenikaripia ingekuwa nafuu.

Usiku ule nilisoma makala nzima nikakuta nimewadanganya wenzangu bila kujua. Ile asilimia 60 ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya vifo. Tangu hapo nina utaratibu wangu wa kusoma tafiti, na ndio ninaouandika hapa. Huhitaji kuwa umesomea takwimu. Unahitaji penseli, karatasi, kikokotoo cha simu, na ujasiri wa kuruka kurasa ambazo wengine huanza nazo.

Itafute makala yenyewe

Habari ya utafiti si utafiti. Ukitumiwa ujumbe kwamba "wanasayansi wamegundua", tafuta ndani yake jina la jarida na mwaka. Ujumbe usiotaja hata kimoja, mimi siufuatilii. Maisha ni mafupi. Ukivipata, ingia PubMed, maktaba ya mtandaoni ya tafiti za tiba, andika jina la dawa, jina la ugonjwa na mwaka. Muhtasari utaupata bure, na makala nyingi kamili ziko wazi kwenye maktaba yake dada, PMC. Ikiwa makala imefungwa mpaka ulipie, ukurasa wa kwanza huwa na baruapepe ya mtafiti anayepokea maswali. Nimeshawaandikia kadhaa, mistari miwili ya adabu tu, na wengi wamenitumia nakala.

Kabla hujasoma zaidi, hakikisha waliochunguzwa ni binadamu. Habari za "tiba mpya ya saratani" ukizifuata hadi chanzoni, mara nyingi unakuta panya, au chembe zilizooteshwa kwenye kibakuli cha maabara. Si kazi ya bure, lakini kati ya panya na mgonjwa aliye mbele yako kuna safari ya miaka, na dawa nyingi hufia njiani.

Angalia pia kama makala imepitiwa na wataalamu wengine au bado ni rasimu iliyowekwa mtandaoni tu. Wakati wa korona tuliumizwa na vyote viwili. Rasimu moja iliyosifia ivermektini iliondolewa mtandaoni Julai 2021 baada ya data zake kutiliwa shaka, wakati watu walikwisha kuimeza hoja nzima. Lakini usidhani jarida kubwa ni kinga. Tarehe 22 Mei 2020 The Lancet ilichapisha makala iliyodai kutumia taarifa za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671, ikisema haidroksiklorokwini inahusishwa na vifo zaidi. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda jaribio lake la dawa hiyo. Tarehe 4 Juni makala ikafutwa, kwa sababu hakuna mtu huru aliyeweza kuziona data zenyewe. Kwa hiyo juu ya ukurasa wa makala, tazama kama kuna tangazo la kufutwa au kusahihishwa. Ni jambo la sekunde tano, na mimi hulifanya hata kwa makala niliyokwisha kuisoma mwaka jana.

Anzia katikati

Utangulizi wa makala ni wakili wa utafiti. Mjadala wa mwisho ni wakili wake wa pili. Shahidi amekaa katikati: sehemu ya njia zilizotumika, na majedwali. Mimi huanzia hapo, na mawakili nawasikiliza mwisho, nikiwa na muda.

Kwenye sehemu ya njia, tafuta sentensi inayotaja matokeo ya msingi, yaani kile kitu kimoja ambacho watafiti waliahidi tangu mwanzo kwamba ndicho watakachopima. Inakili kwa penseli, neno kwa neno. Hapa ndipo nilipoumbukia. Matokeo ya msingi ya E-MOTIVE yalikuwa mkusanyiko wa mambo matatu: mwanamke kutokwa damu mililita 1000 au zaidi, au kufunguliwa tumbo kwa upasuaji kwa sababu ya damu, au kufa kwa sababu ya damu. Lolote kati ya hayo likitokea, linahesabiwa moja. Sasa, ukiweka kapu moja lenye machozi na msiba, machozi ndiyo yatakayojaa. Karibu hesabu yote ilitokana na ile damu ya mililita 1000. Vifo, tunashukuru, vilikuwa vichache mno, kiasi kwamba utafiti wenyewe haukuweza kuthibitisha tofauti ya vifo. Mimi nilichukua asilimia ya kapu zima nikaibandika kwenye kitu kidogo kuliko vyote kilichokuwemo.

Kwa hiyo ukiona matokeo ya mkusanyiko, shuka chini kwenye jedwali utafute kila kipande peke yake.

Ukitaka kuhakikisha ahadi haikubadilishwa katikati ya safari, kuna sajili za majaribio kama ClinicalTrials.gov. Tangu 2005 majarida makubwa ya tiba yanadai jaribio lisajiliwe kabla ya mshiriki wa kwanza kuingizwa, la sivyo hayalichapishi. Fungua sajili, linganisha matokeo ya msingi yaliyoandikwa kule na yale ya kwenye makala. Yakitofautiana bila maelezo, mtu amesogeza goli baada ya mpira kupigwa.

Mara nyingine matokeo ya msingi huwa mawili, na habari hubeba lile tamu. Utafiti wa A-PLUS wa 2023 uliwapa wanawake waliokuwa kwenye uchungu dozi moja ya azithromaisini, wanawake 29,278 katika nchi saba. Kwa mama, maambukizi makali ya damu au kifo vilishuka kutoka asilimia 2.4 hadi 1.6. Kwa mtoto, kufia tumboni, kufa akiwa mchanga au kupata maambukizi hayo kulikuwa asilimia 10.5 kwa waliopewa dawa na 10.3 kwa wasiopewa, yaani hakuna kilichobadilika. Nililetewa habari hiyo na watu watatu tofauti. Hakuna aliyemtaja mtoto.

Geuza kila asilimia iwe watu

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo penseli inapofanya kazi. Chukua utafiti wa SELECT, uliotoka Novemba 2023, juu ya semaglutidi, ile sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito. Habari zilisema: inapunguza kwa asilimia 20 hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo. Ni kweli. Sasa chora mstari katikati ya karatasi.

Kushoto andika: waliopewa dawa, watu 8803, yaliyowapata 569. Kulia: waliopewa sindano isiyo na dawa, watu 8801, yaliyowapata 701. Gawanya. Kushoto asilimia 6.5, kulia asilimia 8.0. Sasa achana na asilimia, fikiria watu 1000 kila upande. Upande wa dawa, 65 walipatwa. Upande wa pili, 80. Tofauti ni watu 15 kati ya 1000.

Gawanya 1000 kwa 15. Unapata 67 hivi. Maana yake: watu 67 wachomwe sindano hiyo kila wiki ili mmoja wao aepukane na janga ambalo lingempata. Kwa muda gani? Rudi kwenye makala: wastani wa miezi karibu 40, yaani zaidi ya miaka mitatu. Andika na hiyo, kwa sababu namba isiyo na muda ni sawa na mshahara usiosema ni wa wiki au wa mwaka.

Ile asilimia 20 ilitoka wapi? Kumi na tano ni karibu sehemu ya tano ya themanini, basi. Zote mbili ni kweli. Lakini "asilimia 20" ni ileile hata kama ungekuwa umetoka 80 hadi 64 kati ya 1000, au 5 hadi 4 kati ya milioni. Ndiyo maana mwenye dawa ya kuuza hupenda asilimia, na mgonjwa anastahili hesabu ya watu.

Usikunje karatasi bado. Chini ya mstari uleule, andika madhara, kwa watu 1000 vilevile. Kwenye SELECT, walioacha dawa kwa sababu ya madhara walikuwa 166 kati ya 1000, na walioacha sindano isiyo na dawa kwa sababu hiyohiyo walikuwa 82. Watu 84 zaidi waliishia njiani, wengi wao kwa matatizo ya tumbo. Kuacha dawa kwa kichefuchefu si sawa na mshtuko wa moyo, na sisemi viwekwe kwenye mizani moja. Nasema viwe kwenye karatasi moja. Jedwali la madhara mara nyingi limefichwa kwenye kiambatisho, faili tofauti kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nilifanya hivyohivyo kwa E-MOTIVE usiku ule. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kura ya kuamua nani apate mbinu mpya ilipigwa kwa hospitali nzima badala ya mwanamke mmoja mmoja, kwa sababu huwezi kumfundisha mkunga mbinu mpya asubuhi ukamwambia aisahau kwa mama wa kitanda cha pili. Kati ya wanawake 1000, lile kapu la mambo matatu liliwapata 16 upande wa mbinu mpya na 43 upande wa kawaida. Tofauti 27. Mwanamke mmoja kati ya kila 37. Hiyo ni namba kubwa sana! Nilipoiona niliona aibu zaidi, maana ukweli wenyewe ulitosha bila kuongezwa vifo.

Na ndani ya jedwali kulikuwa na namba nyingine ambayo mama yule mkunga, nilipompelekea, aliikazia macho. Mbinu yenyewe ilianza na kitambaa cha plastiki chenye umbo la mfuko, chenye alama za mililita, kinachowekwa chini ya mama ili damu ionekane ni kiasi gani. Kisha, damu ikizidi, vyote vinafanywa kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki ya kupunguza utokaji damu, dripu, na kumchunguza mama ili kujua damu inatoka wapi. Kati ya wanawake 100 waliotokwa damu kupita kiasi, upande wenye mfuko wa alama waligunduliwa 93. Upande wa kawaida waligunduliwa 51. "Nusu wanatupita," akasema mkunga. "Nimekuwa nikikisia damu kwa macho miaka yote hii." Hakuuliza tena juu ya asilimia 60.

Tahadhari moja kuhusu chanjo, kwa sababu hapa watu huvurugika. Chanjo ya malaria ya R21, katika maeneo yenye malaria ya msimu, ilikuwa na ufanisi wa asilimia 75 kwa mwaka wa kwanza. Haina maana kwamba kati ya watoto 100 waliochanjwa, 25 wataugua. Maana yake ni kwamba malaria ilipungua kwa robo tatu ikilinganishwa na watoto wasiochanjwa katika maeneo yaleyale. Wataugua wangapi? Inategemea mbu wa hapo. Palipokuwa na malaria mwaka mzima, ufanisi ulikuwa asilimia 68.

Nani alikuwemo, nani hakuwemo

Jedwali la kwanza la makala nyingi huwaelezea washiriki: umri, jinsia, magonjwa waliyokuwa nayo. Wasomaji hulivuka kama mtu anavyovuka orodha ya waliotoa shukrani. Kaa nalo. SELECT iliwachukua watu wa miaka 45 na kuendelea, wenye uzito uliozidi, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au mishipa, na wasio na kisukari. Wanawake walikuwa kidogo zaidi ya robo. Watu weusi hawakufika 4 kati ya 100. Sasa anapokuja msichana wa miaka 28 mwenye moyo mzima akitaka sindano hiyo "ili kuzuia mshtuko wa moyo", unajua kwamba hakuna mtu kama yeye aliyekuwa mle ndani.

Mfano unaonisumbua zaidi ni deksamethasoni. Juni 2020, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba dawa hii ya zamani, rahisi, inaokoa maisha ya wagonjwa wa korona. Watu wakaanza kuimeza nyumbani kwa kikohozi. Fungua jedwali. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, kutoka 26.2 hadi 23.3. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, waliopewa dawa walikufa asilimia 17.8, na wasiopewa asilimia 14.0. Tofauti hiyo ya mwisho ingeweza kuwa ya bahati tu, lakini hakuna hata dalili ya faida. Dawa ileile, ugonjwa uleule, na mstari mmoja wa jedwali unatenganisha aliyeokolewa na ambaye pengine aliumizwa. Nilimweleza hivyo shemeji yangu aliyekuwa na pakiti mfukoni. Alinitazama kama namnyima kitu.

Namba mbili kwenye mabano

Baada ya uwiano wowote, yaani hatari ya waliopewa dawa ikigawanywa kwa hatari ya wasiopewa, utaona mabano yenye namba mbili. SELECT: 0.80, na kwenye mabano 0.72 hadi 0.90. Uwiano wa 1 maana yake hakuna tofauti kati ya makundi. Zile namba mbili zinakuambia ukweli unaweza kuwa umejificha kati ya wapi na wapi. Hapa zote ziko chini ya 1, kwa hiyo faida ipo, iwe ya kiasi tu au kubwa.

Shuka mstari unaofuata, kifo cha moyo peke yake: 0.85, mabano 0.71 hadi 1.01. Ncha moja imevuka 1. Huwezi kusema dawa ilipunguza vifo vya moyo, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Mabano yakiwa mapana kama mlango wa ghala, utafiti ulikuwa mdogo, hata ukipambwa namna gani. Ile thamani ya p inayotajwa sana, namba inayopima jinsi matokeo kama hayo yangeweza kutokea kwa bahati tu, mimi huiangalia baadaye. Mabano yanasema yote inayosema, na zaidi.

Ila mabano hayakuambii kama tofauti ina maana kwa mtu. Mwaka 2022 dawa ya lekanemabu ya Alzaima, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ilitangazwa kwamba imepunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27. Takwimu zilikuwa imara. Kwa penseli: kipimo kina alama 0 hadi 18, baada ya miezi 18, waliopewa dawa waliporomoka alama 1.21, wasiopewa 1.66. Tofauti ni 0.45. Je, mwana wa mgonjwa, anayekaa naye kila siku, angeiona? Madaktari wa ubongo bado wanabishana. Upande wa pili wa karatasi: uvimbe wa ubongo ulioonekana kwenye picha uliwapata asilimia 12.6 ya waliopewa dawa, dhidi ya 1.7.

Kilichopimwa ni mtu au ni kipimo?

Miaka ya 1980 madaktari walijua kwamba waliopona mshtuko wa moyo, wakiwa na mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio, walikuwa hatarini kufa ghafla. Dawa za kuyanyamazisha mapigo hayo zilikuwepo, na zilinyamazisha kwelikweli. Likaja jaribio la CAST kuuliza swali lililoonekana la kijinga: wanaishi? Wagonjwa 1498 walipewa enkainidi au flekainidi, au kidonge kisicho na dawa. Upande wa dawa walikufa 63. Upande wa kidonge kitupu, 26. Makaratasi ya mapigo ya moyo yalipendeza, na watu walikuwa wakizikwa.

Kwa hiyo uliza kama kilichoboreka ni maisha ya mtu au ni namba kwenye karatasi ya maabara. Sisemi vipimo havifai. Jaribio la KEN SHE nchini Kenya lilionyesha 2022 kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inazuia kwa asilimia 97.5 maambukizi yanayong'ang'ania ya aina ya 16 na 18 za kirusi hicho. Hawakusubiri saratani ya mlango wa kizazi, ingewachukua miongo. Nakubali kipimo hicho kwa sababu njia kutoka maambukizi hadi saratani inajulikana hatua kwa hatua, na kwa sababu Uswidi, wakifuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6, walishaona 2020 kwamba waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na saratani hiyo pungufu kwa asilimia 88. Kipimo kinaaminika pale kilipokwisha kukutana na mtu.

Kura ilipigwa?

Hili ningeweza kuliweka mwanzo, lakini wasomaji wengi wanalijua nusunusu. Utafiti ukisema "wanaokula kitu fulani huugua kidogo", uliza nani aliamua wakile. Kama waliamua wenyewe, huenda wana mengine mengi mema: hawavuti sigara, wanalala vizuri, wana pesa. Watu wenye beta-karotini, kirutubisho kilichomo kwenye karoti, nyingi mwilini walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache. Ufini wakapiga kura kwa wanaume wavutaji 29,133, wengine vidonge vya beta-karotini, wengine vitupu. Mwaka 1994 matokeo yakatoka: waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi.

Na jaribio ambalo kila anayetibu watoto angepaswa kulijua ni FEAST, la 2011, Kenya, Uganda na Tanzania. Mtoto mwenye homa kali, mikono ya baridi, damu haizunguki vizuri. Akili inasema mmiminie maji haraka kwa dripu. Vitabu vilisema hivyo. Mimi nilifundishwa hivyo. Walipopiga kura, kati ya watoto 1000 waliomiminiwa haraka walikufa 105 au 106 ndani ya saa 48, na kati ya 1000 ambao hawakumiminiwa walikufa 73. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. (Watoto wa kuhara hawakuwemo, kwa hiyo usiende kumnyima maji mtoto anayeharisha, rudi kwenye jedwali la kwanza.) Nikisikia mtu anasema "hili halihitaji utafiti, linaeleweka lenyewe", huwa nakumbuka hiyo 105 na 73.

Karatasi yangu ya hivi karibuni ni ya jaribio la PURPOSE 1, la 2024: sindano ya lenakapaviri mara mbili kwa mwaka, ya kuzuia VVU, kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 Afrika Kusini na Uganda. Maambukizi kwa waliochomwa: sifuri. Mama mkunga alikuwa amekwisha kustaafu, lakini namba yake ninayo, nikamwandikia. Jibu likaja baada ya dakika mbili: "Sifuri kati ya wangapi?"

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. 2134. Na kati ya 1068 waliopewa vidonge vya kila siku vinavyotumika siku zote, 16 waliambukizwa. Nikaongeza bila kuulizwa kwamba hakukuwa na kundi la kidonge kitupu, kwa kuwa dawa inayozuia ipo na isingekuwa haki kuwanyima. Kwamba walilinganisha pia na kasi ya maambukizi katika jamii ileile. Na kwamba sehemu kubwa ya tatizo la vidonge ilikuwa kutomezwa.

Akakaa kimya kidogo. Kisha: "Na wangapi walirudi kuchomwa ya pili kwa wakati?"

Nikafungua jedwali tena. Asilimia 91.5.